Maisha ya Abushiri bin Salim wa Pangani

Mtu akitoka Tanga akafuata njia ya pwani kwenda kusini, baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi hufika Pangani, mji wa kale uliojengwa pale mto wa jina hilo uingiapo baharini. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kandokando ya maji ni minazi na mashamba. Mji huu ni mtulivu, na mgeni aupitaye kwa haraka hawezi kudhani kwamba hapa, mwaka 1888, ndipo ulipowaka moto ulioenea pwani nzima, ukawashughulisha mawaziri wa Berlin na London, na kuzileta manowari za mataifa kadhaa katika bahari yetu. Vita vile vimebaki na jina la mtu mmoja, nalo ni Vita vya Abushiri.

Wengi wetu wanafunzi twalijua jina hilo kwa ajili ya mtihani tu. Twajibu kwamba Abushiri alipigana na Wajerumani, akashindwa, akanyongwa, na hapo twaweka nukta. Lakini mtu huyu alikuwa na maisha yake kabla ya vita, na maisha hayo yana mambo ya kusifiwa na mambo ya kulaumiwa. Wako wamsifuo kuwa shujaa asiye na doa, na wako wamsemao kuwa tajiri wa watumwa aliyelinda mali yake. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuyaeleza maisha yake kama yalivyokuwa, ili msomaji apate kupima mwenyewe. Nami mwishoni sitaficha nionavyo.

Jina lake kamili ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Alizaliwa katikati ya karne ya 19, na wengi walioandika habari zake huutaja mwaka 1840 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa Mwarabu wa kabila la Harthi, na mama yake husemwa kuwa suria wa Kioromo, yaani mwanamke aliyeletwa katika nyumba ile kwa njia ya utumwa. Kwa sheria ya wakati ule mtoto wa suria, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru na mrithi kama watoto wengine. Hivyo Abushiri alikuwa Mwarabu kwa ukoo na Mwafrika kwa kuzaliwa, kama walivyo watu wengi wa Mrima.

Maharthi walikuwa watu wakubwa Unguja, nao walijiona kuwa wenyeji wa pwani hii hata kabla Mabusaidi hawajaijenga enzi yao huko. Kwa hiyo hawakuwatii masultani kwa moyo mmoja. Mwaka 1859, Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yake Sultani Majid, Maharthi walikuwa upande wa Barghash. Jaribio lile lilishindwa, na chuki iliyobaki haikufutika upesi. Abushiri alilelewa katika chuki hiyo. Hata alipokuwa mtu mzima, hakukubali kuwa Sultani wa Unguja alikuwa na haki ya kumwamuru, na kwa muda mrefu hakukanyaga Unguja kwa kuogopa kukamatwa.

Katika ujana wake alikwenda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Miaka ya 1870 na kitu, Waarabu wa Tabora walipokuwa wakipigana na Mirambo, mtemi shujaa wa Wanyamwezi, Abushiri alikuwa miongoni mwa waliokwenda kupigana upande wa Waarabu. Huko alijifunza jinsi ya kuongoza watu wenye bunduki, kujenga boma la magogo, na kuishi porini kwa chakula kidogo. Elimu hiyo ilimfaa baadaye.

Aliporudi pwani alishika kilimo cha miwa. Inafaa tueleze kidogo habari za miwa, maana bila ya miwa hatuwezi kuifahamu Pangani ya siku zile. Katika bonde la mto wakubwa wa mji walifungua mashamba, wakaweka vinu vya kukamulia miwa, wakawa wanapeleka sukari na asali ya miwa Unguja na ng'ambo. Kazi ya miwa ni ngumu mno, kwani miwa ikishakatwa haina budi kukamuliwa upesi kabla haijaharibika, na wakati wa mavuno kinu hakilali. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kulazimishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Lakini watumwa waliokwisha kuletwa mpaka pwani hawakurudishwa makwao, bali wengi waliuzwa kwa wenye mashamba ya Mrima, na Pangani ikanenepa kwa jasho lao. Mwaka huohuo wa 1873 baadhi ya watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi wakatorokea porini, na jambo hilo latuonyesha kwamba walijua thamani ya uhuru muda mrefu kabla Mjerumani yeyote hajafika na kudai kuwaletea.

Shamba la Abushiri liliitwa Mauya, nalo lilikuwa kandokando ya mto Pangani. Alikuwa na watumwa, alikuwa na kinu, na kama matajiri wengi wa miwa alikuwa na madeni pia, maana mtaji wa mashamba ulitoka kwa wakopeshaji wa Kihindi, na riba haikungoja mavuno. Hatuwezi kuyaruka mambo haya. Abushiri tunayemsoma kuwa mpigania uhuru ndiye huyu huyu aliyekula jasho la watu wasio huru.

Sasa tuutazame ulimwengu wa nje, maana mambo yaliyompata Abushiri yalipangwa mbali na Mauya. Katika mwaka 1884 mataifa ya Ulaya yalikusanyika Berlin kushauriana juu ya biashara ya Afrika na namna ya kugawana pwani zake. Mwishoni mwa mwaka huohuo kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Peters, alipita Uzigua, Ungulu, Usagara na Ukami akiwatilisha wakuu wa huko alama zao katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoifahamu. Mwezi wa Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akazipa karatasi hizo ulinzi wake. Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja mbele ya jumba lake Unguja mwezi wa Agosti 1885, naye akanyamaza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wenyewe kwa wenyewe kwamba Sultani aachiwe ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda bara. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa.

Barghash alifariki Machi 1888. Ndugu yake Khalifa, aliyemfuata, alitia sahihi tarehe 28 Aprili 1888 mkataba wa kuikodisha pwani hiyo kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa muda wa miaka 50. Kampuni ilipewa kukusanya ushuru wa forodha na kuendesha serikali kwa jina la Sultani. Kazi ilikuwa ianze tarehe 16 Agosti. Hapo ndipo watu wa pwani walipoambiwa kwamba kila mwenye shamba au nyumba sharti aonyeshe hati zake, na ardhi isiyothibitishwa itakuwa mali ya Kampuni. Hebu fikirini, wasomaji. Mtu amelima minazi ya babu yake, majirani wote wanaijua mipaka, leo aulizwa na mgeni aonyeshe karatasi. Majumbe waliokuwa wakipata sehemu yao ya ushuru na ada za misafara waliambiwa kwamba mambo hayo yamekwisha.

Mwakilishi wa Kampuni huko Pangani aliitwa Emil von Zelewski, kijana mkali ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe karibu na ya Sultani, na liwali wa mji, Abdulgawi bin Abdallah, hakukubali mpaka apate amri kutoka Unguja. Zelewski akaita manowari. Askari wa majini waliteremka siku zilezile za Idi ya Kuchinja, wakaingia msikitini kwa viatu, pamoja na mbwa, wakimtafuta liwali. Bendera ya Sultani iliondolewa, na wafungwa wakafunguliwa. Kwa siku chache Zelewski aliweza kudhani kuwa mji wote umetulia. Ukimya ule ulikuwa wa mshindo wa wimbi linalorudi nyuma kabla ya kupiga.

Mwanzoni mwa Septemba 1888 mji uliinuka. Jambo moja hapa vitabu vidogo hulisahau, nalo ni kwamba walioanza si Abushiri. Walioanza ni watu wa kawaida wa Pangani: wavuvi, wapagazi, watu wa mashamba waliomiminika mjini wakiwa na silaha, na wenyeji wa vijiji vya jirani. Zelewski na wenzake walizuiliwa ndani ya nyumba yao, wasiweze kutoka. Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, alikuja kuwatoa akawapeleka Unguja, lakini yeye pia hakuweza kuukalia mji, maana watu walikwisha kuchoka na kila aliyekuja kwa jina la Sultani aliyewauza. Matajiri wengi waliogopa fujo ile kuliko walivyowaogopa Wajerumani, nao walitamani mapatano. Abushiri alifanya jambo jingine. Alitoka shambani kwake, akasimama upande wa watu, akawa kichwa chao.

Moto ulikwenda upesi. Katika Septemba hiyohiyo mashua ya manowari iitwayo Möwe ilipigwa risasi ilipokaribia Tanga, na manowari ile ikaujibu mji kwa mizinga. Bagamoyo ilishambuliwa tarehe 22 Septemba. Kilwa Wajerumani wawili wa Kampuni waliuawa. Huko Saadani Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Kizigua ambaye hakuwa na haja ya kuamriwa na Abushiri wala na Sultani, aliongoza watu wake mwenyewe. Kabla ya mwaka kwisha Wajerumani walibakiwa na miji miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam, na hata humo walilala chini ya ulinzi wa mizinga ya manowari.

Abushiri aliongozaje? Kwanza tukumbuke kwamba hakuwa na jeshi la mshahara. Watu wake walikuwa Waarabu wachache, Waswahili, Wazigua, Wabondei, Wanyamwezi wa misafara, na watumwa, baadhi yao wakiwa wa mabwana waliokuwa wakijificha majumbani. Kila kundi lilikuja kwa sababu yake. Mwenye shamba alitaka hati zake zisichunguzwe, jumbe alitaka ada yake, mpagazi alitaka njia iwe wazi, na mtumwa aliyeshika bunduki alitaka kuitwa mtu. Kuwaunganisha watu hao kulikuwa kazi kubwa kuliko kupiga bunduki, na mara nyingi Abushiri hakuweza. Mwishoni mwa 1888 alipoona Pangani inagawanyika, alichukua watu wake na mizinga michache akahamia karibu na Bagamoyo, akajenga boma imara la magogo na udongo, akauzingira mji.

Katika mwenendo wake wa vita yako mambo ya namna mbili. Askofu Smythies wa misheni ya Kiingereza alipojikuta Pangani katikati ya ghasia, Abushiri alimlinda asidhuriwe, na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, hawakuguswa, kwa kuwa Abushiri alipambanua kati ya wageni waliokuja kutawala na wale wasiokuja kwa nia hiyo. Lakini Hans Meyer na Oscar Baumann, wasafiri waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, walikamatwa wakatiwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia ya fedha. (Meyer huyu ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata.) Tena Januari 1889 wapiganaji walishambulia misheni ya Wabenediktini huko Pugu, wakaua baadhi ya wamisionari na kuwateka wengine, ambao walikombolewa kwa upatanishi wa mapadre Wafaransa wa Bagamoyo. Watu wa Pugu hawakuwa askari. Tukilaumu mbwa msikitini, haki yatudai tulaumu na damu ya Pugu.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na harakati kubwa ya kupinga utumwa. Kardinali Lavigerie, Mfaransa, alizunguka miji mikubwa mwaka 1888 akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika, na mwezi wa Oktoba mkutano mkubwa ulifanyika Cologne kwa ajili hiyo. Harakati ile ilikuwa ya haki, kwani utumwa ulikuwa dhambi iliyo wazi. Lakini Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, aliona ndani yake njia ya kupata fedha za vita. Bunge lisingependa kulipa madeni ya Kampuni iliyoharibu mambo yake yenyewe. Lakini lingelipa kwa moyo mweupe kuwapiga Waarabu wauza watumwa. Basi vita vya pwani vikaitwa uasi wa Waarabu, ijapokuwa wengi wa waliopigana hawakuwa Waarabu. Mwezi wa Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zilianza kuizingira pwani, na mwishoni mwa Januari 1889 Bunge la Berlin likatoa marka milioni 2. Kamanda aliyechaguliwa ni Hermann von Wissmann, mtu aliyekwisha kuivuka Afrika.

Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu. Alileta maofisa Wajerumani wachache, akaajiri Wasudani wapatao 600 huko Misri na mamia ya watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Hivyo Waafrika walipigana na Waafrika kwa mshahara wa Ulaya, na neno askari likaanza kupata maana mpya katika nchi yetu. Tarehe 8 Mei 1889 alilishambulia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo kwa mizinga. Magogo yaliyozuia risasi za bunduki hayakuweza kuzuia makombora. Zaidi ya watu 100 walikufa ndani ya boma, lakini Abushiri mwenyewe aliponyoka.

Saadani iliteketezwa mwezi wa Juni. Pangani ilichukuliwa tarehe 8 Julai, na Tanga siku mbili baadaye. Wengine wangesalimu amri. Abushiri aliingia bara, akakishambulia kituo cha Wajerumani huko Mpwapwa, kisha akatafuta msaada kwa wapiganaji wa bara walioitwa Mafiti. Mwezi wa Oktoba aliteremka nao mpaka karibu na Bagamoyo. Lakini Mafiti walikuja kwa ajili ya nyara, wakachoma vijiji vya watu wale wale ambao Abushiri alidai kuwapigania. Huko Yombo walipigwa na Wajerumani, wakatawanyika kurudi kwao. Nionavyo mimi, siku zile ndizo zilizomwangusha Abushiri kuliko kombora lolote. Mwanakijiji aliyechomewa ghala la nafaka hana sababu ya kumficha aliyewaleta wachomaji.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kuwindwa. Aligeuka kurudi upande wa Pangani kwa njia za porini, akiwa na wafuasi wachache, na kisha karibu peke yake. Wajerumani walikwisha kutangaza zawadi ya fedha kwa atakayemtoa. Jumbe mmoja wa bara, aliyeitwa Magaya, alimpokea, kisha akamkamata na kuwapa habari Wajerumani. Wakaja wakamchukua akiwa amefungwa, wakamshusha mpaka Pangani, mji ule ule ulioinuka naye miezi 15 iliyopita. Akahukumiwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapo.

Vita havikuisha siku ile. Bwana Heri aliendelea mpaka Aprili 1890, ndipo akafanya suluhu, na miji ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, ilichukuliwa mwezi wa Mei. Mwaka huo wa 1890 Sultani alikubali kuiacha pwani kabisa kwa marka milioni 4, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikaishika nchi badala ya Kampuni. Zelewski naye, yule Nyundo, alipewa kuongoza jeshi dhidi ya Wahehe, akauawa na watu wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, miaka mitatu hivi tangu alipolazimisha bendera yake Pangani. Sanamu ya Wissmann iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1909. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilichukuliwa, ikafika Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Nasi twaweza kutambua kwamba wenzetu wa Ujerumani pia wamekuja kuipima upya historia hii.

Na utumwa je, uliotajwa kuwa sababu ya kuja? Wajerumani hawakuufuta. Walipunguza biashara ya watumwa, lakini mtu aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa mpaka ajikomboe au bwana wake amwache huru. Na ni watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu waliohesabiwa kuwa huru. Utumwa ulifutwa na sheria mwaka 1922, katika siku za Waingereza. Kwa hiyo Wajerumani walipomshitaki Abushiri kwa utumwa, mashitaka yalikuwa ya kweli, lakini washitaki hawakuwa na nia ya kuwafungua waliofungwa.

Huku kwetu habari za vita hazikusahauliwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wetu wa Tanga, alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, maana Wajerumani watu wa kale waliwaita Wadachi. Ni jambo la fahari kwamba mtu wa pwani yetu alieleza habari hizo kwa lugha yetu wakati makovu hayajapoa, wala hatukungoja wageni waandike yote.

Sasa tumpime. Anayesema Abushiri alipigania mali yake hasemi uongo. Mauya ilikuwa mali yake, na vinu vyake vilizungushwa na watumwa. Lakini wako wenye mashamba wengi wa Pangani waliokuwa na mali kama yeye, nao walikaa kimya na kulinda mali hiyo kwa kupatana na Wajerumani. Kama alitaka kulinda shamba tu, njia nyepesi ilikuwapo mbele yake. Aliiacha akachagua njia iliyompotezea shamba, mji, na hatimaye shingo. Anayesema tena kwamba Abushiri alikuwa baba wa uhuru wetu asiye na kosa, huyo naye awakumbuke wale waliozungusha vinu usiku kucha. Hao walikuwa babu na bibi wa baadhi yetu, kama vile mabwana wao walivyokuwa babu na bibi wa wengine. Katika pwani hii vitukuu vya watumwa na vitukuu vya mabwana hukaa dawati moja, husali safu moja, na huoana. Tukiificha nusu ya habari kwa ajili ya kuwapendeza wa upande mmoja, tutakuwa tumewazika wa upande wa pili mara mbili.

Mimi naona hivi. Vita vya 1888 vilikuwa vya watu wengi, na jina la Abushiri ni kibao tu cha mlango wa nyumba kubwa. Ndani ya nyumba hiyo wamo wavuvi, wapagazi na watumwa ambao hakuna aliyeandika majina yao, na hao ndio walioinuka wa kwanza. Sifa ya Abushiri ni kwamba, wakati wakubwa wenzake waliwakimbia watu hao, yeye alikwenda wakasimama pamoja. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kuwapa neno moja la kuwaunganisha baada ya ushindi. Kila mmoja alijua anachokikataa, lakini hawakuwa na jibu moja juu ya nchi wanayoitaka. Kwa hiyo Mjerumani alipoleta mizinga, mwenye shamba alirudi shambani, jumbe akaenda kupatana, Mafiti akachukua nyara, na jumbe Magaya akapokea zawadi.

Baada ya hapo nchi yetu ilipita katika Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambako makabila ya kusini yalijaribu kuungana kwa imani, na ikapita katika miaka mingi ya kimya na ya vyama, mpaka TANU ilipoanzishwa mwaka 1954. Safari hiyo watu wa kila kabila na dini walijua wanachokikataa, na wakajua pia wanachokitaka. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, miaka 72 kasoro siku sita tangu Abushiri alipotiwa kitanzi. Umoja ni nguvu, kama wasemavyo wazee wetu, nao umoja wa kweli huanza pale tajiri anapokubali kwamba mtu anayemfanyia kazi anautaka uhuru uleule anaoutaka yeye. Abushiri alifika karibu na kuliona jambo hilo, wakati yeye na watumwa walipobeba bunduki katika boma moja. Sisi tunaosoma leo, katika shule ambayo mtoto wa mvuvi na mtoto wa mfanyabiashara hula ugali wa sufuria moja, hatuna udhuru wa kutoliona.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne